Karatasi ya Mikomani

Mwalimu Lois alikuwa katika siku yake ya kumi na moja ndani ya chumba cha kumbukumbu, nyuma ya maktaba, na yeyote anayedhani kusoma ni kazi ya kukaa tu, basi akiulize kiuno chake. Miaka thelathini na minne alifundisha shule ya msingi akiwa amesimama, akastaafu magoti yamekwisha. Sasa amekuja kumalizia mgongo. Kila asubuhi anavuka mto kwa mtumbwi, anapanda pikipiki hadi Garsen, anafungua makaratasi ya wakoloni yenye mwandiko wa kuparura, anapiga chafya. Jioni anarudi mikono mitupu.

Aliyemtuma ni kijiji chake, Mikomani, cha Wapokomo wakulima. Alhamisi ijayo maafisa wa ardhi wanakuja kuandikisha mashamba ya Mikomani, na majirani wafugaji, Waorma, wameshasema wazi kwamba sehemu ile ni malka yao, njia ya kushushia ng'ombe mtoni. Chande, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye sauti kubwa na miwani isiyosomea chochote, alimsimamisha Lois mbele ya watu. "Mwalimu, tuletee karatasi inayosema Mikomani ilikuwepo tangu enzi za babu zetu. Bila hiyo tumekwisha." Watu wakapiga makofi. Makofi ni rahisi! Hakuna hata mmoja aliyesema atamsindikiza.

Na katika mashamba hayo limo la kwake, la mpunga na migomba, alikomzika mumewe. Hilo halisemi kwa mtu. Kila akilifikiria, huvuta boksi jingine.

Maboksi alimbebea Dukicha, mtunza kumbukumbu, Muorma wa makamo asiyejua haraka ni kitu gani. Siku ya kwanza Lois alimshuku: huyu si atanificha karatasi? Wapi! Boksi lilifika kabla hajamaliza kulitaja, na chai ya maziwa juu yake.

"Mwalimu, utakufa hapo," Dukicha alizoea kumwambia.

"Nikifa niandike kwenye orodha yako, uniweke kwenye rafu."

Siku hiyo ya kumi na moja, saa nane mchana, akaliona jina. Mikomani, mwaka 1926, nyumba arobaini na moja. Na mzee wa kijiji aliyetajwa alikuwa babu yake mwenyewe, mzaa baba. "Loo!" akasema kwa sauti, machozi yakimlenga. Alitaka kuinuka acheze kidogo, magoti yakakataa.

Angeishia hapo, angerudi nyumbani shujaa. Lakini mwalimu ni mwalimu, akasoma mpaka chini, akatazama na ramani. Mikomani ile ilikuwa ng'ambo ya pili, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka ilipo leo.

Jamani! Nani asiyejua mambo ya Wapokomo? Mto ukihama nao huhama, na jina la kijiji hulibeba pamoja na vyungu na mbegu. Wakifika mahali papya hupaita vilevile, na baada ya vizazi viwili kila mtu anaapa kwamba hapo ndipo kilipozikwa kitovu cha babu yake. Siku zote hizo Lois alikuwa akilitafuta jina, wala hakujiuliza jina lilikuwa limekaa wapi. Mtoto wa darasa la nne angefanya kosa hilo, angemtia sifuri.

Karatasi iliyofuata ilikuwa ya miaka miwili baadaye. Mafuriko yameibeba Mikomani, watu wamevuka bila chakula. Wenye malka wamewapa nusu ya mahali pao walime, nusu ibaki ya ng'ombe. Chini palikuwa na alama mbili za dole gumba, na kando yake majina. La kwanza lilikuwa la babu yake. La pili alilisoma mara tatu, kisha akainua macho, maana lilikuwa jina la tatu kwenye beji iliyoning'inia kifuani mwa Dukicha.

"Dukicha, huyu ni nani wako?"

Dukicha hakuinama hata kusoma. "Babu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu mdogo."

Hasira ikampanda Lois. "Siku kumi na moja unanitazama navunjika mgongo, na ulijua! Hata wazee wenu, ugomvi wote huu, mbona hawakusema?"

"Baba alitukataza, Mwalimu. Alisema mtu uliyempokea akiwa amelowa, humkumbushi. Akumbuke mwenyewe. Sisi tulidai njia ya ng'ombe tu, hatukudai mashamba."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Lois alisema kwa uchungu.

"Sisi jembe hatuna. Mlikuja nalo wenyewe."

Lois akacheka bila kutaka, halafu akajikuta analia. Dukicha akachukua kikombe kitupu. "Nakwenda kuchemsha chai. Nitachelewa," akasema, akafunga mlango nyuma yake.

Alimwacha makusudi, na Lois alilijua hilo. Karatasi ilikuwa nyepesi. Ingekunjika mara mbili na kupotelea ndani ya kanga. Akaiwekea mkono juu. Alichoka, Mungu wangu, alichoka na mto, na ramani, na watu wanaopiga makofi. Ndipo simu ikalia.

"Mwalimu!" Sauti ya Chande ikajaa chumba. "Umeipata?"

"Nimeipata."

Vigelegele vikalipuka upande wa pili. Lois akangoja viishe, mkono ungali juu ya karatasi.

"Chande, waambie wanyamaze. Inasema hapo Mikomani tulipokewa. Wenye malka ndio waliotupa mahali."

Chande akauliza kwa sauti ndogo ambayo Lois hakuwahi kumsikia nayo, "Nani mwingine anajua?"

"Wao," Lois akasema. "Wote, miaka yote. Ni sisi tu tuliokuwa hatujui."