Sauti ya Eilif na Mwisho wa Lami

Kila Jumapili asubuhi Eilif Tveiterås aliingia kwenye gari lake, akafunga mkanda, akabonyeza simu, kisha akaanza kujiamrisha mwenyewe.

"Toka taratibu," sauti yake ilimwambia kupitia spika. "Ukifika kwenye kona, kata kushoto."

"Najua, bwana," Eilif alijibu. "Nimezaliwa hapa."

Msicheke. Au haya, chekeni kidogo, mimi mwenyewe nilicheka niliposikia. Eilif alikuwa dereva wa basi mjini Bergen maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu kampuni moja ndogo ya utalii ikamwomba arekodi mwongozo wa kuzunguka mji kwa gari. Mgeni analipia, anauweka kwenye simu, anaendesha peke yake huku sauti ikimwelekeza: simama hapa, tazama pale, panda kilima kile. Mkewe Gunnvor ndiye aliyemsukuma akubali. "Mimi hunisemeshi," alimwambia, "angalau semesha Wajerumani." Mwaka uliofuata Gunnvor akafa.

Baada ya mazishi Eilif alikaa ndani wiki kadhaa. Jumapili moja akatoka na gari, akaiwasha ile sauti, akijiambia anakwenda kuikagua, maana barabara za Bergen hazikai, leo njia ya magari, kesho njia ya treni. Jumapili iliyofuata akaikagua tena. Ukweli ni kwamba ndani ya nyumba hapakuwa na mtu wa kuongea, na ndani ya gari alikuwepo mmoja. Miaka minne mtu anajisikiliza mwenyewe, anajibishana naye, wakati mwingine wanakosana.

Aliishi mtaa wa Møhlenpris, ghorofa ya pili. Ghorofa ya tatu, juu ya kichwa chake, aliishi mwanamke anayeitwa Frøydis. Jina hilo Eilif alilijua kwa sababu limeandikwa mlangoni. Miaka tisa walikuwa wanapishana kwenye ngazi, yeye anatikisa kichwa kama salamu, mama huyo anatikisa kichwa, basi. Alijua nyayo zake. Alijua mumewe alihamia Hispania akamwachia gari na ufunguo wa baiskeli iliyokwisha kuibwa. Sauti yake hakuwahi kuisikia, wala yeye hakuwahi kuisikia ya Eilif.

Wageni wakisikia haya wanadhani watu hawa walikuwa na ugomvi. Wala. Kwetu Bergen kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na mtoto wa chekechea anaijua. Huku chini, penye lami, humsemeshi mtu usiyemjua, na unayemjua kidogo unamtikisia kichwa, anatosheka. Lakini lami ikiisha na changarawe ya mlimani ikaanza, unamsalimia kila unayekutana naye, hata jaji, hata aliyekunyang'anya mchumba. Usiposalimia mlimani huna adabu. Ukisalimia penye lami umelewa.

Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba Eilif alitumia asubuhi kubadilisha matairi, kufungua ya kiangazi na kufunga yale ya barafu. Kwa hiyo akachelewa kutoka. Saa nane mchana, mvua ikinyesha kama desturi yake, alikuwa ameegesha Nordnes, pale rasi inapoingia baharini, anakula mkate na jibini ya kahawia.

"Zima injini," sauti ilisema. "Tazama upande wa kulia, meli za—"

"Zima injini," ilisema sauti ileile, nyuma kidogo. "Tazama upande wa kulia."

Eilif alishusha mkate. Gari jekundu lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwake, kioo kimeachwa wazi kidogo, na ndani yake alikuwemo yeye. Ni sauti yake mwenyewe, ikimweleza mtu mwingine habari za meli. Kwenye usukani alikuwa jirani yake wa ghorofa ya tatu.

Miaka yote minne hakuwahi kumwona mtu hata mmoja akiutumia mwongozo wake. Alitamani kushusha kioo aseme, jirani, huyo ni mimi. Ni maneno mafupi tu. Lakini chini yao palikuwa na lami. Frøydis aligeuka, akamwona, akatikisa kichwa. Eilif naye akatikisa kichwa, kisha akapunguza sauti ya simu upesi kama mtu aliyefumaniwa, na wote wawili wakatazama mbele, kwenye maji.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Mwongozo ni mmoja, na njia ni moja. Eilif alipanda kilima cha Sydneshaugen, akasimama pembeni ya kanisa kama alivyojiagiza, na gari jekundu likasimama nyuma yake. Wakatikisa vichwa. Akavuka daraja kwenda Laksevåg, akasimama. Gari jekundu hilo. Vichwa tena. Mmoja wao angeweza kuruka kituo kimoja yakaisha, lakini kuruka kituo ni kukiri kwamba umemwona mwenzako, na watu wa kwetu bora wafe. Basi wakafuatana mji mzima katika mvua ile, kama bata na mwanawe, kila mmoja akijifanya yuko peke yake.

Kwenye mwinuko mkali wa Landås, taa nyekundu iliwasimamisha, na safari hii gari jekundu lilikuwa mbele. Eilif aliliona likirudi nyuma kidogo, likisita, taa za breki zinawaka na kuzimika. Anaogopa kilima, alijisemea. Papo hapo sauti ndani ya gari lake, na bila shaka ndani ya lile pia, ikasema, "Hapa wengi huingiwa na hofu. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, usiwasikilize wanaopiga honi. Kilima hakina haraka."

Gari jekundu likatulia, likapanda taratibu, na Eilif akajikuta machozi yanamtoka. Aliyafuta kwa kiganja akajiita mjinga.

Kituo cha mwisho ni Munkebotn, juu ya Sandviken, pale barabara inapokomea na njia ya mlimani inapoanza. Waliegesha sambamba. Sauti mbili zikapishana ndani ya mvua: "Sasa toka garini. Panda kwa miguu mpaka kwenye benchi. Usiruke hatua hii. Aliyefika hapa akabaki ndani ya gari ni kama hakuja."

Maneno hayo yalikuwa ya Gunnvor. Ni yeye aliyesisitiza yawemo, na benchi lenyewe lilikuwa lao, walikuwa wakinywa kahawa pale kila Jumapili. Na Eilif, tangu amzike, hakuwahi kupanda hata mara moja. Kila wiki alisikia amri yake mwenyewe, akawasha injini, akarudi nyumbani. Mganga hajigangi. Mlimani watu wanasalimia, na wanaokujua wanauliza, leo uko peke yako? Aliliogopa swali hilo. Zaidi aliogopa lile benchi, na ile nafasi ya pembeni.

Frøydis alitoka, akavuta kofia ya koti, akapanda. Hakutazama nyuma.

Eilif alishika ufunguo. Alifikiria ngazi za nyumbani, na kichwa atakachotikisa kesho, na kesho kutwa, mpaka mmoja wao atolewe kwa machela. Mtu huyu alikuwa amepanda Landås kwa maneno yake, na bado angepishana naye kama nguzo. Akaona hilo limemshinda. Akafungua mlango.

Lami iliishia kwenye kizuizi cha mbao. Alikanyaga changarawe, ikalia chini ya viatu. Hakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza alimwona Frøydis tayari anashuka kutoka kwenye benchi, na adabu ya mlimani haimwachi mtu nafasi ya kuchagua.

"Habari za leo," Eilif akasema.

"Njema, za kw..." Frøydis akasimama. Alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema kilima hakina haraka."

Eilif akatii. "Kilima hakina haraka," alisema.

"Kumbe wewe." Hakucheka wala hakukasirika. "Tangu Aprili, kila Jumapili, ukinipandisha vilima. Mimi nilikuwa siwezi kutoka hata kwenye maegesho. Kumbe uko chini ya sakafu yangu, unakohoa."

"Nakohoa sana?"

"Asubuhi. Kama injini ya boti." Mvua ilimtiririka kwenye kofia. "Na kitu kimoja kinanikera. Unaniambia nisiruke hatua hii, nami siruki, na mvua hii. Wewe gari lako nimeliona hapa siku nyingine nilipowahi. Umekaa ndani. Benchi hujaliona hata kwa macho."

"Naliona," Eilif alisema. "Ndiyo maana sipandi."

Alimweleza, kwa maneno machache, habari za Gunnvor na kahawa. Alisimulia huku akitazama changarawe. Frøydis alimsikiliza mpaka mwisho, na hakusema pole, akasema, "Basi tupande. Nimelowa tayari, sina cha kupoteza."

Walikaa kwenye benchi, Frøydis upande aliokuwa akikaa Eilif zamani, Eilif kwenye nafasi ya Gunnvor, kwa hiyo hapakubaki pengo la kutazama. Bahari haikuonekana kwa mawingu. Walizungumza habari za matairi.

Waliposhuka, walifika kwenye kizuizi cha mbao wakanyamaza, wote wawili kwa pamoja, katikati ya sentensi ya Frøydis. Mazoea yana nguvu kuliko farasi. Kila mtu akaingia garini mwake. Kwenye ngazi za nyumbani Eilif alisimama mlangoni kwake na ufunguo mkononi, naye Frøydis, akiwa ameshapanda vidato viwili, akageuka.

"Kesho ni lami, Eilif," alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaomba radhi.

Na kweli ilikuwa lami. Jumatatu walitikisa vichwa. Jumatano walitikisa vichwa, Frøydis amebeba takataka, Eilif amebeba maziwa. Wiki ile ilikuwa ngumu kuliko miaka minne iliyotangulia, kwa sababu upweke aliouzoea alikuwa ameionja dawa yake. Usiku alisikiliza nyayo juu ya dari. Asubuhi alizuia kikohozi. Akaanza kuamini kwamba mama wa watu alimhurumia tu, na kwamba huruma, kama mvua, inapita.

Jumapili hakukagua chochote. Hakuwasha simu. Aliendesha moja kwa moja mpaka Munkebotn, akaegesha, akachukua chupa ya kahawa na vikombe viwili, akavuka kizuizi. Akasimama hatua moja tu ndani ya changarawe, vifungo vyote vya koti amevifunga, akasubiri. Watu walipita na mbwa wao. "Habari." "Habari." Hakuna aliyeuliza kama yuko peke yake. Saa ikapita, kahawa ikaanza kupoa, na alijiambia akimaliza kuhesabu mbwa wengine watano atakwenda zake.

Gari jekundu lilipanda polepole, gia ya kwanza, likasimama. Kioo kilikuwa wazi, na kutoka ndani Eilif aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Sasa toka garini. Panda kwa miguu mpaka—"

Frøydis alimwona pale kwenye changarawe. Akanyoosha mkono, akaizima ile sauti kabla haijamaliza.