Sweta la Mbishi

Mume wa shangazi yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Mbishi. Ukimwambia leo kuna joto, anavaa sweta. Watu wakikimbilia kitu kipya dukani, yeye anabaki nje na kuwaita bendera fuata upepo. Shangazi, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alisema alimkubali kwa sababu mwanamume asiyefuata mkumbo hatafuata wanawake pia. Mimi nilikuwa nikimsaidia kukata vitambaa, kwa hiyo ubishi wao niliunywa kila siku pamoja na chai.

Mwaka wake wa mwisho, Mbishi alipata kazi kwa msanii mmoja aliyekodi ghala kuukuu. Alitakiwa kuunga fremu za kushikilia sanamu. Msanii huyo alikuwa anachunguza jinsi mtu anavyobadilika akiwa kundini, akawaomba mafundi wenyewe wawe hilo kundi. Aliwasimamisha chumbani akawarekodi video. Wachache aliwanong'oneza wageuke wautazame ukuta bila kusema neno, ili aone wengine watafanya nini. Kisha akawapaka plasta, apate umbo la kila mmoja. Mbishi alirudi nyumbani akinung'unika.

"Plasta baridi kama barafu. Mgongo wote umekufa ganzi."

"Na ukakubali? Wewe?"

"Si wote walikubali?"

Shangazi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Alimsugua mgongo, akamvika sweta lake la kahawia, lile alilolitia viraka vya viwiko mwenyewe.

Mapafu ya Mbishi yalikuwa mabovu siku nyingi kwa ule moshi wa kuchomelea. Alifariki kabla maonyesho hayajafunguliwa. Nyumbani ilibaki picha yake moja tu, ya kitambulisho, amenuna kama aliyelazimishwa.

Tulikwenda kuyaona hayo maonyesho. Sanamu nyeupe zilisimama pamoja, zimeukabili ukuta na kutugeuzia migongo. Juu ya ukuta huohuo kulikuwa na skrini kubwa, na video ikiisha inaanza upya. Wachache wanageuka. Wengine wanatazamana, halafu nao wanageuka mmoja mmoja, mpaka anabaki Mbishi peke yake. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anatutazama sisi, kwa uso wa mtu anayetaka kuuliza jambo na hajui amuulize nani. Halafu naye anageuka.

"Amegeuka," Shangazi alisema.

Nilidhani anaona aibu kwa niaba yake. Hapana.

"Ona alivyobaki peke yake pale," alisema. "Na mimi nipo nyumbani napiga pasi sare za watu."

Tangu hapo akawa haachi kwenda. Alikuwa anausubiri ule uso, ukipita anasubiri tena. Siku moja alichukua sweta. Sanamu ya mumewe hakuhitaji kuonyeshwa: bega la kulia liko chini, lile la kubebea mtungi wa gesi. Akalitandika sweta mabegani, akalinyoosha kola. Mlinzi alimwona akamwacha, akidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mwanamke mmoja akatazama, akavua skafu yake, akaivisha sanamu ya jirani. Mwanamume akavua koti. Punde kundi zima limevikwa, watu wanacheka na kupigana picha. Kifo cha wengi harusi, wanasema, lakini hiki kilikuwa cha mtu mmoja, na mkewe alikuwa amesimama pale pale.

Msanii akaja mbio, macho yanang'aa.

"Mama, umeikamilisha kazi yangu."

"Mwanangu, mimi nimemfunika mume wangu tu."

Yule kijana akanywea. Aliomba radhi, na nadhani alimaanisha, ila makoti hakuyatoa. Nilitamani kumchapa nayo moja baada ya jingine.

"Nigeuzie," Shangazi akamwomba. "Nimwone uso. Humo kwenye video anapita haraka sana."

"Zimebanwa sakafuni, Mama. Siku ya kufunga maonyesho njoo, nitakugeuzia." Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Shangazi aliisubiri siku hiyo kama mtu anayesubiri mgeni. Alisuka nywele. Alivaa gauni ambalo Mbishi aliwahi kulibishia kwamba si la buluu. Tulipofika, wapakiaji walikuwa wamekwisha kufungua skrubu. Wawili wakaishika sanamu wakaigeuza polepole, sweta likaanguka chini.

Hapakuwa na uso. Hapakuwa na kifua wala tumbo. Walikuwa wamepaka plasta mgongoni tu, na mbele palikuwa wazi, kama ganda la yai.

Nilidhani ataanguka, nikanyoosha mikono. Hakuanguka. Aliangalia ndani ya lile ganda kwa makini, jinsi anavyoangalia bitana ya koti. Halafu akavua viatu, akageuka, akarudi nyuma akaingia humo, mgongo wake kwenye mgongo wa mumewe, akasimama mahali aliposimama yeye. Akatutazama sote, mimi, wapakiaji na msanii, kwa uso uleule wa kutaka kuuliza.

"Kumbe ni baridi kweli," alisema.

Hakuna aliyecheka, na safari hii hakuna aliyemfuata. Niliokota sweta, nikamvika yeye.