Fundi Barafu na Mwanagenzi wa Serikali

Mtaani walimwita Fundi Barafu, na si kwa sababu ya friji alizotengeneza tu. Mama huyu alikuwa na uso usioyeyuka. Mteja akiingia na kuanza kuisifu karakana, alimkazia macho mpaka sifa zikamkauka mdomoni, kisha akamwuliza, "Imeharibika nini?" Kwake, mtu anayesifu kabla ya kuhudumiwa ana lake jambo.

Ufundi aliupata ujanani, kwenye vyumba vya baridi vya machinjio. Alianza kama mfagiaji, akaishia kushika spana baada ya mafundi wa kiume kuchoka kumfukuza. Baadaye akafungua karakana yake: chumba cha matofali chenye mlango wa bati, mitungi ya gesi imefungwa mnyororo kwenye kona, na friji zisizo na milango zimejipanga ukutani kama watu wanaomngoja daktari wa meno, midomo wazi.

Mwenyewe alisema hakuzaliwa na mashaka, bali alitiwa. Aliwahi kumchukua kijana mmoja kumfundisha kazi. Kijana alishinda naye miaka, akala kwake, akaitwa mwanangu, halafu asubuhi moja akafungua duka lake upande wa pili wa barabara, na nusu ya wateja wakavuka naye. Siku hizi kijana yule ni mtu mzima, watu wanamwita Fundi Ndevu. Fundi Barafu hamwiti hivyo wala vinginevyo. Akilazimika kumtaja, husema "yule".

Kwa hiyo afisa wa kituo cha ajira cha mkoa alipopiga hodi, shati limenyooka na tabasamu limetangulia, alikaribishwa kwa kuoneshwa kigoda tu.

"Mama, sisi tunawaunganisha watu waliopoteza kazi, na vijana waliomaliza shule, na wenye biashara kama wewe," akaeleza. "Tunakuletea mtu ajifunze. Posho yake juu yetu. Wewe utatoa ujuzi tu."

"Na nyinyi mnapata nini?"

"Mkoa unapata watu wenye kazi."

"Nimeuliza nyinyi."

Afisa akacheka. Fundi Barafu hakucheka.

Jioni alimweleza mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kazi yake kubwa sasa ilikuwa kusikiliza redio na kumtania mkewe.

"Hao ni watu wa kodi," alisema Fundi Barafu. "Wanataka jicho lao likae ndani ya karakana yangu."

"Kodi si unalipa?"

"Nalipa."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Cha bure kinanitia tumbo joto."

"Kataa."

"Nikikataa, watajua nina kitu nakificha."

Mzee akatikisa kichwa. "Mama watoto, wewe ungeingia upolisi, saa hizi tungekuwa tunaishi kwenye nyumba ya mkuu wao."

Fundi Barafu akakubali, lakini kwa kinyongo. Alitarajia kuletewa kijana wa kumkaripia. Akaja mwanamke wa makamo, mkoba wa kitambaa begani, mikono minene ya mtu aliyezoea mashine. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha biskuti, mpaka wenyewe walipokifunga na kuondoka. Haukupita muda wateja wakamwita Biskuti, naye akaitika.

"Umri huu ndio unaanza ufundi?" Fundi Barafu alimwuliza siku ya kwanza.

"Nikisubiri, umri utapungua, mama?"

Jibu lile halikumpendeza. Mtu mwenye jibu la haraka amelitayarisha nyumbani, aliwaza. Akamkabidhi brashi. Biskuti akakwangua kutu, akaosha rafu, akasugua mipira ya milango hadi ikang'aa. Kila ilipofika zamu ya kuchomelea mirija au kujaza gesi, Fundi Barafu alikumbuka kwamba sabuni imekwisha. "Kimbia dukani mara moja." Kabati likajaa sabuni, wala hapakuwa na aliyeuliza. Na Biskuti akiwahi kurudi, bosi wake aligeuka na kumpa mgongo, kazi ikamalizikia kifuani pake, Biskuti asiione.

Biskuti hakulalamika, na hilo ndilo lililomnyima Fundi Barafu raha. Mtu anyimwe kazi aliyoijia, anyamaze? Akaanza kumpeleleza. Akamwona akipiga picha kompresa kwa simu.

"Picha za nini hizo?"

"Za kujikumbusha, mama."

Akamwona akiangalia geji ya kupimia gesi kwa macho yasiyopepesa. Kisha mchana mmoja Biskuti alitoka nje kupokea simu, na Fundi Barafu, aliyekuwa nyuma ya mlango wa bati akijifanya anatafuta bisibisi, akasikia sauti ya chini: "Hapana, bado sijaona. Ndiyo. Nitakuja leo leo, akishaniruhusu."

Bado hajaona nini? Na anakwenda kumwambia nani?

Siku hiyo akamruhusu mapema, kwa sauti ya upole ambayo hata mwenyewe aliiona ngeni. Biskuti akaaga, akashika njia yake ya kila siku. Kwenye kona akasimama, akatazama nyuma, akavuka barabara upesi, akajipenyeza mlango wa ubavuni wa duka la Fundi Ndevu.

Fundi Barafu, aliyekuwa akimchungulia nyuma ya mlango wa bati, alisimama palepale. Hasira zilimpanda, na ndani ya hasira zile mlikuwa na raha fulani, raha ya mtu aliyesema akapuuzwa, kisha likatokea. Hakuvua hata aproni. Pikipiki moja ilimpigia honi, akaipigia makelele zaidi, akavuka.

Ndani alimkuta Biskuti amepiga magoti nyuma ya friji, miwani ya kazi usoni, moto wa kuchomelea mkononi. Fundi Ndevu alikuwa amemwinamia: "Polepole. Usiiunguze shaba. Ikibadilika rangi tu, lete waya."

"Kumbe!" alisema Fundi Barafu.

Moto ukazimwa.

"Kumbe wewe ndiye uliyemtuma aje kunichungulia!"

Fundi Ndevu akajifuta mikono taratibu. "Achungulie nini, mama? Wiki ijayo wanampima kule kituoni, kuchomelea na kujaza gesi. Akishindwa wanamtoa kwenye mpango. Kwako haoneshwi kitu. Akaja kuniomba."

"Na wewe ukakubali tu, kwa huruma?"

"Nilimwelewa. Na mimi nilinunua sabuni nyingi sana."

Biskuti akavua miwani. "Mama, niliogopa ukijua utanifukuza."

"Nilikusikia kwenye simu. Ulisema bado hujaona."

"Nilikuwa naongea na huyu. Aliniuliza kama nimeshaona gesi inavyojazwa."

Fundi Barafu akageuka, akatoka.

Nyumbani alimsimulia mumewe yote, akingoja aungwe mkono. Mzee akapunguza redio.

"Alisema kweli?"

"Nani?"

"Yule. Kwamba ulikuwa unamtuma sabuni."

"Alikuwa na haraka. Nilikuwa nangoja akomae."

"Mama watoto," alisema mzee, bila utani safari hii, "alipoondoka kwako alikuwa tayari na mtoto wa pili."

Fundi Barafu akainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Asubuhi alikuwa na uhakika kwamba Biskuti hatakuja. Alipomkuta mlangoni, mkoba begani, mashaka yakamrudia yote kwa pamoja.

"Umerudi kufanya nini?"

"Kuchomelea nimejifunza kule. Gesi bado. Fundi Ndevu anasema kwenye gesi hakuna anayekufikia."

"Amekutuma uniletee sifa?"

"Hapana. Alisema hayo huku amenuna."

Sifa ya mtu aliyenuna Fundi Barafu hakuwahi kukutana nayo, hakujua aishuku vipi. Mwishowe akafungua mnyororo, akavuta mtungi katikati ya chumba. "Vaa miwani. Simama upande huu, usinizibie mwanga. Na uache kuniitikia mama kila neno, tazama geji."

Alimfundisha kwa ukali, macho yakiwa kwenye mikono ya mwanafunzi na mara nyingine kwenye mkoba wake. Biskuti akapimwa, akafaulu. Afisa akaja kuuliza kama karakana ingependa kumwajiri.

"Nitaongea naye mwenyewe kwanza," Fundi Barafu alimjibu, akamngoja afisa atoke nje kabisa. Kisha akamgeukia Biskuti. "Duka lako utafungua lini?"

Biskuti akafikiri. "Sijui. Labda siku moja, nikiweza."

Angesema hapana, asingeaminika, angefukuzwa palepale. Fundi Barafu akaguna.

"Ukifungua, usifungue barabara hii. Imejaa." Akamwonesha friji kubwa ya bucha iliyoletwa asubuhi. "Ile ni yako, itengeneze. Mimi nitakaa hapa kwenye kigoda."

Akakaa kweli, akamtazama tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hakupepesa.