Taka Zilizorudishwa Ndani

Asubuhi niliondoka Tanga bila kujua niendako, na alasiri nikapata chumba Pangani. Mwenye nyumba alikuwa akinyunyiza maji uani kabla ya kufagia, na harufu ile ya vumbi lililolowa ikanirudisha utotoni.

Siku moja nikiwa mdogo, baba alikuwa akienda mji asiowahi kuuona.

"Kuna nini huko?" mama alimwuliza.

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

Alipoondoka, nami nikitaka sifa, nikafagia nyumba nzima. Mama akapiga ukelele. "Wee mtoto! Msafiri hata hajafika, unamfagia? Unataka asirudi?"

Nililia. Tukaenda jalalani, tukazoa zile taka kwa mikono na kuzirudisha ndani, maganda ya machungwa pembeni, vumbi chini ya kitanda. Jirani akachungulia. "Jamani, leo mnapanda taka?" Mama hakucheka.

Siku tano hatukufagia, na kila jioni nilikaa mlangoni nikimngoja. Siku ya sita baba akatokea, viatu vimejaa udongo mwekundu. Kwetu ni mchanga mtupu.

"Mbona nyumba chafu hivi?"

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanipa ufagio. Nilifagia kila mahali. Ule udongo mwekundu tu, uliotoka mji nisioujua, niliukusanya kiganjani, nikauficha.