Kisima cha Kwa Mzungu na Neno Tulilolikosa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya maji hapa Dodoma, Ofisa Takwimu aliniketisha mbele ya kompyuta akaniambia, "Binti, humo mna visima. Visafishe." Alitaka nisahihishe majina yaliyoingizwa ovyo. Nilicheka kimoyomoyo, nisijue kwamba kazi hiyo itanila ujana wangu wote.

Nilipohamishiwa Kongwa nikamfahamu Mama Neema, mwenyekiti wa kitongoji ambacho wenyeji hukiita Kwa Mzungu tangu enzi za mashamba ya karanga. Sisi kwenye kompyuta tulikiandika Shamba la Zamani. Tulichimba kisima pale, yakatoka maji ya chumvi ambayo hata ng'ombe waliyakataa. Tukakifunga.

Baadaye nikarudishwa Dodoma. Vijana wawili kutoka chuoni wakatuletea wazo nililolipenda mno: kila kitu kipewe kitambulisho kimoja, kisha kiungwe na vingine kwa kiungo kinachotaja uhusiano wao. Kisima hiki kimo katika kitongoji hiki. Kitongoji hiki kina jina hili na lile. Maji yake yalipimwa maabara fulani. Anayeuliza anafuata viungo hivyo, hata kama taarifa zimekaa ofisi nyingine. Kikao kikatafuta jina la Kiswahili, kikachagua "mtandao wa data". Nilipinga. Nikaulizwa nina neno gani, na sikuwa nalo.

Andiko likafika kwa Mkurugenzi, akasoma kichwa cha habari tu. "Mtandao si tunao, mama? Mbona WhatsApp inashika mpaka getini?" Akaidhinisha nyaya mpya. Kompyuta zikaunganishwa vizuri kabisa, taarifa zikabaki kila moja kivyake.

Haukupita muda, mradi mwingine ukaenda kuchimba Kwa Mzungu, jirani kabisa na kisima chetu. Ikatoka chumvi ile ile. Mama Neema alinipigia simu.

"Niliwaambia hapa palishachimbwa. Wakatafuta Kwa Mzungu, wakasema kwenye kompyuta hakuna. Sasa mtambo umeondoka, na sisi tunarudi korongoni kufukua mchanga tupate maji."

Mpaka leo maneno hayo yananikaa rohoni.

Nimestaafu, naishi Nzuguni. Juzi msibani waliketi karibu nami wazee wawili wa Kigogo wasiojuana. Wakaanza kuulizana: wewe wa ukoo gani, mama yako katokea wapi, nani kamwoa nani. Chai haijafika, wameshampata shangazi mmoja, na huyu anamwita mwenzake mjomba.

Neno tulilolikosa kikaoni lilikuwa undugu. Tungesema undugu wa data, hata Mkurugenzi angeuliza nani ndugu wa nani, na hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Nikampigia Mama Neema nimweleze. Akapokea mkwewe.

"Shikamoo, mama. Simu kaiacha nyumbani. Kachukua ndoo, yuko korongoni."