Ndama wa Elia

Harufu ya majani mabichi ya ng'ombe ikinifikia hata leo, shingo yangu hujikaza yenyewe kungojea mzigo. Kwetu Machame majani tuliyakata sisi wanawake, tukayapandisha kichwani kutoka bondeni, marobota makubwa kiasi kwamba mtu wa mbali angedhani vichaka vimeamua kuhama. Tulilisha sisi, tukazoa samadi sisi, tukakamua sisi. Lakini ng'ombe akianza kuzaa tulifukuzwa zizini kama kuku. Hiyo, alisema baba, ni kazi ya wanaume, na binti anayechungulia humfunga ng'ombe uzazi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliamini kabisa kwamba jicho langu moja lingetosha kumaliza mifugo yote mpaka Sanya Juu.

Masika yale mtamba wetu, Kidosho, alishikwa uchungu asubuhi, baba akiwa ameshakwenda mnadani. Mpaka mchana ulikuwa umetoka mguu mmoja tu wa ndama. Mama alijaribu kuutafuta wa pili, lakini mkono wake wa jembe ulikuwa mnene, haukupita. Maziwa ndiyo kitu pekee mle nyumbani ambacho mama hakukiombea ruhusa kwa mtu. Kidosho akifa, na hicho kimekwenda. Akamwita kaka yangu, mwenye miaka kumi na minne. "Elia, wewe ndiye mwanamume hapa. Ingia." Elia akajipaka sabuni mpaka begani, akatia vidole, akaona damu, akalala chini taratibu kama mgomba uliokatwa. Kidosho naye alikuwa ametoa ulimi, macho yanageuka meupe. Mama akautazama mkono wangu, akatazama njia ya mnadani, akautazama tena mkono wangu. "Ee Ruwa, Mungu wangu, nisamehe," akasema. "Aika, njoo hapa upesi."

Ndani ya Kidosho kulikuwa na joto la chungu kilichotoka jikoni. Nilifuata shingo ya ndama nikakuta goti limekunjika nyuma. Kila Kidosho aliposukuma, mkono ulibanwa nikajua utatoka mwembamba kama uzi wa kushonea. "Mrudishe ndama nyuma kwanza," mama alininong'oneza, "kisha ufunike kwato kwa kiganja, ndipo uvute." Hapo hapo nikasikia mabuti ya baba kwenye tope. Akasimama mlangoni, fimbo mkononi.

"Nani kamwingiza huyu?"

"Mimi," mama akajibu bila kugeuka. "Ukimtoa sasa, baba Elia, utachimba mashimo mawili."

Sikuthubutu kutazama. Mgongo wangu wote uliisubiri ile fimbo, na mvua juu ya bati ilipiga kama mlima mzima unamwagwa. Ndipo kitu kigumu kikajaa kiganjani. "Nimeupata mguu," nikasema. Fimbo ikaanguka. Baba alipiga magoti kando yangu, tukavuta pamoja, ndama jike akateleza kwenye majani, akapiga chafya.

Jioni majirani walikuja kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba akainua kibuyu akatangaza kwamba Elia amefanya kazi ya kiume, na kwamba ndama yule ni wake, kwani ndama wa binti atakwenda kuneemesha ukoo mwingine. Elia, tope bado liko kisogoni, alinitazama, kisha akatazama miguu yake. Mama aliendelea kumimina.

Siku hizi Elia ni mpishi wa wapanda mlima, na jikoni kwake hata mkewe hubisha hodi. Mimi nilisoma masomo ya jioni nikiwa na watoto wawili, nikawa daktari wa mifugo hapa Shirimatunda, na wenye ng'ombe bado huchungulia nyuma yangu kuona kama daktari anakuja. Nilipoolewa, Elia aliniletea kitukuu cha ndama yule. Masika haya ng'ombe huyo akakwama kuzaa, baba akiwa amekuja kunitembelea. Jirani mmoja alikunja mikono ya shati kutaka kuingia. Baba akamzuia kwa fimbo. "Kaa pembeni. Mwenye kazi yupo." Akanikunjia mkono wa gauni yeye mwenyewe, nami nikasema moyoni: haya, leo yameisha.

Asubuhi nilimsikia uani akimpigia simu rafiki yake, kwa sauti ya kufika Machame hata bila simu. "Meku, habari njema! Ng'ombe wa Elia amezaa."