Mwanasesere wa Viatu Vyekundu

Vikapu vya Pasaka tulivisuka wenyewe kwa maganda makavu ya migomba, tukavipeleka kanisani Alhamisi. Jumapili tulirudishiwa vimejaa. Mke wa mchungaji, Mzungu mmoja mkimya, alikuwa ametia humo peremende za duka la Mhindi wa Moshi mjini, biskuti mbili, na kitu cha kuchezea. Enzi zile za Mwingereza, sisi watoto wa huku mlimani peremende tulizionja mara moja kwa mwaka.

Mwaka huo nilipata filimbi ya bati. Binti wa baba yangu mdogo, aliyelelewa kwetu tangu mama yake afariki, alipata mwanasesere wa kitambaa, nywele za uzi, na viatu viwili vyekundu. Viatu, jamani! Mimi mwenyewe nilikuwa pekupeku. Wivu ulinishika.

Sikutaka kuiba. Nilitaka alie kidogo tu, basi. Alipolala mchana nilimchukua yule mwanasesere, nikamlaza ndani ya mfereji wetu uliokuwa mkavu, nikamfunika kwa majani. Kesho yake ningemrudisha. Mjinga mkubwa mimi! Nilisahau kwamba zamu yetu ya maji ilikuwa jioni ileile, na Pasaka au si Pasaka, babu alikwenda kuyafungua. Niliyasikia yakiteremka kihambani, kwenye migomba yetu, nikakimbia. Mwanasesere alikuwa ameshachukuliwa na maji.

Mwenzangu alinivaa mbele ya bibi. "Umemchukua wewe! Nilikuona ulivyokuwa ukimwangalia!"

Nikaapa. Niliapa kwa marehemu mama yake, Mungu anisamehe, nikalia kwa kwikwi mpaka bibi akaniamini. Akamgeukia yule yatima. "Huoni haya kumsingizia dada yako? Nenda kachume isale."

Kwetu isale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa unapokea, na ukishapokea, jambo lile halisemwi tena. Alikuja nalo amelishika kwa mikono miwili, kamasi zinamtiririka. "Dada, nisamehe. Nilikusingizia."

Ningeweza kusema pale pale. Ningechapwa fimbo mbili tatu, yakaisha. Badala yake nilinyoosha mkono nikalipokea, na yule mtoto, kwa furaha ya kusamehewa, akanimegea biskuti yake. Nikaila.

Tulikua, akaolewa Rombo, karibu na Tarakea. Mara ngapi nimekwenda kwake nimejiapiza kwamba leo nasema! Nikifika ni chai, ni habari za nyumbani, ni watoto, jioni naondoka nalo moyoni vilevile. Uoga tu, sina jina jingine la kuliita.

Safari ya mwisho nilimkuta kitandani, hajiwezi. Wajukuu zake wawili walikuwa wamegombana, hawasemezani. Akawaita.

"Mnamwona bibi yenu huyu? Tulipokuwa wadogo nilimwita mwizi mbele ya watu, naye hakuwa na kosa lolote. Akanisamehe siku ileile. Muwe na moyo kama wake."

Watoto wakanitazama. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nawaapia.

"Yalishapita hayo, mdogo wangu," nikasema.

Akanishika mkono, akanishukuru tena.